Mapindo ya Mzee Brashi

Asubuhi ile Mzee Brashi alikaa ukingoni mwa kitanda, suruali ya kijivu magotini, wembe mkononi, akitafuta mahali pa kuanzia. Pindo la mguu wa kulia lilikuwa limeshonwa barabara, mishono midogo iliyopangana kama punje kwenye gunzi. Ilikuwa dhambi kuigusa. Akaigusa. Alikata hapa na pale, akavuta uzi, pindo likalegea na kuning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbia. Akaikunja suruali, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akavaa kofia, akatoka.

Mtu asiyemjua angedhani amerukwa na akili. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Mzee huyu alipaka rangi nyumba za watu maisha yake yote. Jina la Brashi alipewa na vibarua wenzake angali kijana, likamganda kama rangi ya mafuta. Nyumbani mkewe ndiye aliyekuwa msemaji. Mama yule alizungumza na sufuria, na redio, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta, na mumewe pia alipobahatika kupata zamu. Alipofariki, mzee aligundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuanza mazungumzo ndani ya nyumba yake. Kazi yake ilikuwa kujibu. Sasa hapakuwa na wa kuuliza, na majibu yalimjaa kifuani yasipate pa kutokea.

Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine, akipiga simu Jumapili. Siku nyingine, sauti ya kwanza aliyoisikia mzee tangu kuamka ilikuwa ya kijiko chake mwenyewe kwenye kikombe. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Waliosema hivyo walijua, kwa sababu hata nyumba ikifagiwa vipi, ule uvundo hautoki.

Pindo la kwanza lilifumuka lenyewe. Hilo ni kweli, na Mungu ni shahidi. Wakati wa uhai wake mkewe angelirudishia kabla chai haijapoa. Mzee hakujua hata sindano zilikaa wapi. Akaipeleka suruali kwa fundi cherehani wa pale kwenye kona ya mtaa, mwanamke mjane wa makamo ambaye watu wote walimwita Mama Pindo. Walisema suruali aliyoishona yeye itachanika yote, pindo libaki peke yake likimtafuta mwenyewe. Siku hiyo alimwambia mzee, "Ni kazi ndogo, subiri hapo kwenye benchi." Mzee akasubiri. Fundi akamuuliza amelalaje. Akamuuliza kama ni yeye aliyepaka ile nyumba ya kijani karibu na kisima. Wateja wakaingia na kutoka, kila mmoja na salamu yake na umbea wake. Mzee alipotazama nje, jua lilikuwa limeshavuka paa.

Lile la kwanza lilifumuka lenyewe. La pili ilibidi lisaidiwe.

"Wewe mzee, hivi miguu yako ina meno?" Ndivyo alivyopokelewa asubuhi ile ya wembe na muuza nyanya, mwanamke mwenye meza yake palepale mlangoni kwa fundi na ulimi usiojua likizo. "Kila wiki pindo!"

"Shikamoo kwanza, ndipo matusi yafuate," mzee akamwambia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Haya, sasa matusi. Suruali zako zinafumuka kama nywele za mtoto aliyesukwa na dada yake. Fundi! Mteja wako amefika, yule asiyechelewa."

Ndani, Mama Pindo aliipokea suruali, akaisogeza karibu na dirisha, akaiweka karibu na miwani yake.

"Hili si nililishona juzi tu?"

"Labda ni kutembea sana."

"Unatembea kwenda wapi, mzee?"

Mzee alitazama ukutani, akasema ukuta ule unahitaji kupakwa rangi mara moja zaidi.

"Au nyumbani una mende?" fundi akaendelea, kama anayejisemesha. "Mende wanapenda uzi." Akafungua droo, akamtolea vidonge vyeupe vya kuweka kabatini, vya kufukuza wadudu. Mzee akashukuru kwa adabu zote. Akaviweka kabatini kweli, na kuanzia siku hiyo alilala dirisha wazi, chumba kizima kikinuka kama bohari.

Kama angetazama vizuri, angeona mambo. Angeona fundi amebadilisha uzi, ametia mnene zaidi. Angeona analipitia pindo mara mbili, halafu analivuta kwa vidole viwili kulijaribu, jambo ambalo zamani hakulifanya. Angemwona akimaliza kazi anaikunja ngumi na kuikunjua, akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mfanyakazi aliyeanza kuchelewa. Lakini mzee alikuwa na furaha, na furaha nayo ina upofu wake.

Basi siku moja alipofika na pindo jingine, Mama Pindo hakulipokea. Alivuta kigoda, akakiweka kando ya cherehani.

"Kaa huku leo. Utashona mwenyewe."

"Mimi? Kwa vidole hivi?"

"Vidole vilivyopaka fremu ya dirisha bila kugusa kioo vitashindwa na sindano?"

"Hizo si kazi zangu mama..."

"Mafundi suruali nusu ya mji huu ni wanaume, baba!" muuza nyanya akadakia kutoka nje. "Usijifiche huko!"

Mzee akakaa. Alitaka kukataa, lakini angekataa kwa sababu gani? Mtu aliyechoka kuharibikiwa na nguo hufurahi kufundishwa kuzitengeneza. Akatia uzi kwenye tundu la sindano baada ya kuulowesha kwa mate mpaka ukachakaa, akashona pindo lake la kwanza. Lilipinda kama njia ya mlevi. Fundi akalifumua, akamrudishia. La pili likapinda kidogo. La tatu akaachiwa aende nalo.

Kisha fundi akamwambia, "Kesho lete nguo usizovaa tena. Mapindo yatakuchosha."

Akaleta mashati yake ya zamani, yaliyokwisha kwenye kola na viwiko. Mama Pindo akalilaza shati mezani likiwa limefungwa vifungo vyote, akachora mraba kwa chaki, akakata kifua na mgongo kwa pamoja. Akamfundisha avigeuze vile vipande vitazamane uso kwa uso, ashone pande zote nne asiache hata tundu.

"Sasa utaugeuzaje mto wenyewe, umeziba kote?" akamuuliza akimtega.

Mzee akaugeuza huku na huku, akakuna kichwa. Fundi akavifungua vifungo vya shati, akapitisha mkono, akaigeuza foronya yote ikatoka nje safi, vifungo vikiwa ndio mlango wake. Mzee akacheka kwa sauti. Alishtuka kujisikia. Sauti ile ilitoka na kutu.

Mguu wa suruali kuukuu ukawa mfuko wa sokoni: unaukata pajani, unauziba chini, mkanda wa kiunoni unakuwa mkono wa kubebea. Fulana zilizotoboka zikakatwa mikanda mirefu, zikasukwa, ule msuko ukazungushwa na kushonwa kama konokono, ukawa kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Taulo lililoisha likakunjwa ndani ya kipande cha jinzi, likawa kishikio cha sufuria ya moto. Chini ya meza ya fundi kulikuwa na kikapu cha mabaki ya vitambaa, na hapo ndipo mzee alipokuwa mwenyeji. Alikuwa akiinama, akichagua kipande cha rangi ya kutu, akikiweka ubavuni mwa kipande cha bluu ya mvua, akikitazama, akikisogeza.

"Hiyo mimi nisingeiweka hapo," Mama Pindo alikuwa akisema. Kisha baada ya muda, "Iache. Iache hapohapo."

Alimwambia kila mteja, "Huyu mwanafunzi wangu," na mzee aliinamia sindano yake kama hakusikia, masikio yamemsimama.

Lakini kila mafunzo yana mahafali. Siku moja fundi alimfungia furushi la vipande, akatia ndani sindano na kibiringo kizima cha uzi, akampa kwa mikono miwili.

"Umeiva, mzee. Sasa nguo ikifumuka huna haja ya kuhangaika mpaka huku."

Alilitoa kama zawadi. Mzee alilipokea kama mtu anayepewa barua ya kuachishwa kazi, akasema asante, akaenda zake.

Akashona. Angefanya nini kingine? Kiti kikapata mito miwili, kitanda kikapata minne, mpaka kigoda cha jikoni nacho kikavaa. Chumba kikawa na mito ya kuegemea ukoo mzima, na mwegemeaji mmoja. Jumapili binti yake alipopiga simu alimwambia.

"Baba, unashona? Wewe?"

"Nashona."

"Ee Mungu wangu. Mama angecheka mpaka akae chini."

"Angecheka."

"Nitumie basi mto mmoja."

"Mmoja? Nitakutumia gunia."

Binti akacheka, halafu mtoto akalia nyuma yake, akasema, "Baba, nitakupigia," na simu ikakatika. Mzee akaendelea kuishika sikioni kidogo, kwa heshima.

Siku za kazi alipita mbele ya duka la fundi. "Hujambo, fundi?" "Sijambo, mzee. Mapindo yanashika?" "Yanashika." Na akishasema yanashika, miguu ilibidi iendelee. Kupita na salamu mtu anaweza, ila kukaa nayo hawezi. Angeweza kuingia tu, mtasema, akae. Hamjui mafunzo ya mzee huyu. Alifundishwa kazi na watu wakali, na la kwanza alilofundishwa ni kwamba mtu aliye kazini haendewi bila kazi. Anayekuja mikono mitupu na kusimama mlangoni ni mzururaji. Mwenyewe aliwafukuza wengi wa namna hiyo chini ya ngazi yake.

Kwa hiyo alitafuta kazi ya kwenda nayo. Alichukua ovaroli yake ya zamani, iliyotapakaa madoa ya rangi za nyumba za watu, akashona mfuko. Ulikuwa mzuri kuliko vyote alivyowahi kushona. Mikono ya kubebea aliishonea mraba wenye msalaba ndani, kama alivyofundishwa, ili isichomoke kwa mzigo. Akautundika msumarini, akautazama jioni yote. Asubuhi akauteremsha, akafumua mkono mmoja, akaushona tena upande ule ule ulipokuwa mwenzake. Mikono miwili upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Kosa la kipumbavu hivi, akawaza, lazima lirekebishwe na fundi.

"Nimekwama mama," alimwambia Mama Pindo. "Sijui nimekosea wapi."

Fundi akautazama mfuko, akatabasamu. "Ah, mwanafunzi wangu! Utaubebaje huu?" Kisha akaugeuza upande wa pili, na tabasamu likasimama pale lilipofika. Akausogeza kwenye dirisha. Akapitisha ncha ya kidole juu ya kitambaa, polepole, akifuata mstari, kona, mstari.

"Mkono ulikuwa hapa," akasema.

Mzee akainamia kikapu cha mabaki.

"Kitambaa hakisahau sindano, mzee. Matundu haya hapa. Mraba, na msalaba ndani yake. Umeshona vizuri kuliko nilivyokufundisha. Halafu ukafumua, ukaharibu makusudi. Kwa nini?"

Nje muuza nyanya alikuwa ameacha kupanga nyanya zake.

"Na mapindo?" Fundi alimtazama sasa, miwani imeshuka puani. "Mzee. Yale mapindo."

"Wembe," mzee akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia sawasawa.

"Sema."

"Nilikuwa nakata kwa wembe."

"Na mimi nikakupa vidonge vya mende!"

Muuza nyanya aliangua kicheko, akajipiga mapajani. Mzee naye alianza kutabasamu, akidhani labda litaishia kwenye mzaha. Lakini fundi hakucheka. Alikaa, akaiweka mikono yake juu ya meza ya cherehani, viganja juu.

"Unajua nilifanya nini mimi? Nilikwenda kupimwa macho. Nikabadilisha uzi. Nikawa nashona pindo moja mara mbili, kama mtoto anayejifunza. Kila ulipoingia na ile suruali nilikuwa nasema moyoni, haya, mikono imekwisha. Mwalimu mkuu wa shule hii ya jirani alileta sare za watoto, kazi ninayoifanya kila mwaka. Nikamwambia apeleke kwingine, siku hizi mapindo yangu hayashiki. Kwa mdomo wangu mwenyewe! Wewe nilikufundisha kwa sababu niliona haya kukushonea kitu kisichodumu."

"Sikujua, mama."

"Utajuaje, na hukuuliza? Kila siku unajibu, huulizi." Akamsogezea mfuko. "Chukua kazi yako."

Alikwenda nyumbani, akakaa kati ya mito yake. Upweke ule wa mwanzo ulikuwa wa mtu asiye na mahali pa kwenda. Huu wa pili ulikuwa wa mtu aliyekuwa na mahali, akapachoma moto kwa mkono wake. Hakushona. Hakupita barabara ile. Kununua mkate alizungukia nyuma ya kiwanda. Maneno ya fundi yalimwandama kila alipoketi. Hakumfikiria sana alivyokasirika. Alichokiona kila alipofumba macho ni ile mikono miwili juu ya meza, viganja juu, kama vitu vilivyoletwa kutengenezwa.

Asubuhi moja alinyoa ndevu, akavaa shati lenye kola, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alimpokea kwa heshima, akidhani amekuja kuomba kazi ya kupaka madarasa.

"Nimekuja kwa habari ya sare," mzee akasema. "Mapindo ya Mama Pindo hayana kasoro. Yaliyofumuka nilikuwa nayakata mimi."

"Unayakata? Suruali zako mwenyewe?"

"Zangu mwenyewe."

Mwalimu akaanza kucheka. "Kwa nini, mzee wangu?"

Mzee alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yalipohitajika yakabaki machache. "Nilitaka kukaa na watu."

Mwalimu akaacha kucheka. Akazipanga kalamu zake, akazipangua. Akasema sare zimeshapelekwa kwa fundi mwingine, zimekatwa tayari, na mwaka ujao asingeweza kuahidi. Akamsindikiza mzee mpaka langoni, jambo ambalo halikusaidia kitu.

Kutoka pale alielekea kwa muuza nyanya, kwa sababu alijua mdomo ule ndio redio ya mtaa. "Mwanangu," akamwambia, "nataka uwaambie watu kwamba yale mapindo..."

"Nimeshawaambia, baba. Tangu siku ile sina habari nyingine. Mpaka watoto wanajua." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ukatafuta mahali pa kukanyaga. "Wanacheka, lakini si kwa ubaya. Wengine hawacheki."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Uso wake ulikuwa umewaka, lakini hakuuinamisha. Mlango wa fundi ulikuwa wazi. Akavua kofia, akasimama kizingitini.

Mama Pindo alikuwa kwenye cherehani, anashona pazia. Meza ya kukatia ilikuwa tupu. Mwezi kama huu, miaka mingine, meza hiyo hupotea chini ya vitambaa vya sare.

"Habari za asubuhi, fundi?"

"Nzuri."

"Nimetoka kwa mwalimu mkuu."

"Amekwambia zimeshakatwa."

"Amesema hivyo."

"Aliniambia na mimi. Nilikwenda juzi." Alilifikisha pazia mwisho, akakata uzi, akaligeuza. "Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu."

"Hata pindo?"

"Hata pindo. Nimekuja tu." Kusema neno hilo kulikuwa kugumu kuliko kupanda ngazi mbovu. "Nyumbani hakuna mtu, mama. Nimekuja kukaa, kama utaniruhusu. Na wewe nilitaka kukuuliza mikono inaendeleaje."

Fundi aliitia sindano ya cherehani uzi mpya. Uliingia tunduni mara moja, bila kutafuta.

"Benchi ni la wateja," akasema.

Mzee akaivaa kofia yake. Ilikuwa haki. Akageuka.

"Lakini leo hakuna mteja," fundi akasema nyuma yake, bila kuinua macho.

Mzee akarudi, akakaa mwisho kabisa wa benchi, upande wa mlangoni, kama mtu ambaye huenda akaambiwa asogee. Cherehani ikaanza tena. Muuza nyanya aliita wapita njia, akajadiliana nao bei, akachungulia ndani mara moja na kurudisha kichwa. Pazia lilipoisha fundi akachukua la pili. Jua la mchana lilipoingia mpaka kwenye meza, alinyanyuka, akaufunga ubao mmoja wa mlango ili kupata kivuli, akaurudia mshono wake, na hakumwambia mzee atoke.